Nilifuata mpira Manchester, nikamkumbuka bibi

Mtajie kijana yeyote wa mjini neno Manchester, cha kwanza atakuuliza wewe ni timu gani. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Shangazi yangu anayeishi huko aliponitumia tiketi nikamtembelee, washikaji wa kijiweni waliniagiza kitu kimoja tu: picha nikiwa Old Trafford.

Picha nilipiga, msiwe na wasiwasi. Lakini leo sina stori ya mpira.

Siku ya tatu shangazi akaniambia, "Baba, leo nakupeleka Makumbusho ya Wayahudi." Nikasema kimoyomoyo, haya, yale yale ya darasani, maandishi marefu na usingizi. Lakini shangazi ndiye kanilipia nauli, nitakataaje? Nikavaa koti, tukapanda basi.

Barabara yenyewe inaitwa Cheetham Hill Road. Maeneo yale yamejaa maduka ya nguo za jumla, utadhani uko Kariakoo, ila baridi ndiyo inakukumbusha. Mara nikaona ukuta mzima una rangi ya kutu. Nikacheka, "Shangazi, kumbe na mafundi wa huku wanakimbia na hela ya rangi!"

Kumbe ni makusudi bwana. Ni aina ya chuma ambacho kutu ya juu ndiyo inakilinda, na kimetobolewa nakshi zinazofuata mapambo ya sinagogi lililo ubavuni mwake.

Sinagogi hilo lilijengwa mwaka 1874 na Wayahudi wa asili ya Hispania na Ureno, wakiwemo wafanyabiashara walioifuata pamba ya Manchester. Miaka ikapita, familia zikahamia vitongoji vya mbali, waumini wakapungua, jengo likabaki. Mwaka 1984 likafunguliwa kama makumbusho. Baadaye likafungwa kwa ukarabati mkubwa uliogharimu pauni milioni 6, likafunguliwa tena Julai 2021, safari hii likiwa na jengo jipya pembeni.

Sasa sikia kilichonigusa. Humo ndani hawakuhangaika na wafalme. Wameweka watu wa mtaani: waliofika na sanduku moja, walioshona makoti ya mvua viwandani, waliouza vitu vya senti. Hata Michael Marks, mhamiaji wa Kiyahudi aliyeanzisha maduka ambayo leo ni Marks & Spencer, alifungua duka kwenye barabara hiyo hiyo.

Na sauti zao zipo! Tangu miaka ya 1970 wazee wa Kiyahudi wa Manchester walirekodiwa wakisimulia maisha yao, na rekodi zimefika zaidi ya 500. Nikasimama kusikiliza. Lafudhi ilinishinda nusu, lakini nilielewa. Ni maisha tu, kazi na nyumbani.

Hapo ndipo nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba. Alishona nguo za watu barazani kwake miaka na miaka, akasomesha watoto kwa cherehani moja. Alipofariki, nyumba ikauzwa, leo pale kuna ghorofa. Cherehani tulimpa mtu wa vyuma chakavu, mimi mwenyewe nikashika upande mmoja kuipandisha kwenye mkokoteni. Sauti yake? Hatuna hata dakika moja.

Shangazi aliniona nimenyamaza. Hakuniuliza, maana bibi ni mama yake. Tukaenda mgahawani humo humo, chakula hakina nyama. Karibu yake kuna jiko la kujifunzia wanafunzi wa shule. Mtaa ule leo una Waislamu wengi, na watoto wao wanakaribishwa kama wengine. Wenyewe wameona hadithi ya mtaa ni ya kila anayeishi pale.

Niliporudi Dar sikwenda kijiweni kwanza. Nilikwenda Temeke kwa bibi mdogo, ndugu wa marehemu. Nikamwekea simu mezani, nikabonyeza kurekodi. Akaiangalia, akacheka, "We mtoto, unanirekodi ya nini, nimekuwa Bi Kidude?"

Aliongea saa nzima. Stori ya kwanza ilikuwa jinsi dada yake alivyoinunua ile cherehani.

Haya msomaji, simu unayo, na bibi labda bado unaye. Tukutane wiki ijayo.