Pua Iliyotoka Pajini

Alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu, ushungi ameushikilia mpaka chini ya macho. Saratani ya ngozi ilikuwa imemla pua, madaktari wakaikata, na sasa walitaka kumwundia nyingine kwa nyama ya paji lake mwenyewe. "Shekhe," akatuuliza, "si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu huku?" Nasi, Allah atusamehe, tukamjibu kwa haraka: asubiri kwa alilopewa. Akatuaga, akaenda zake.

Usiku ule usingizi haukutujia. Tulifungua vitabu vya ujanani mwetu, tukamkuta Sahaba Arfaja bin As'ad, radhi za Allah zimshukie. Pua yake ilikatika katika vita vya Kulab, zama za ujahilia. Akajitengenezea ya fedha, ikamtolea uvundo. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, akamwamuru atie ya dhahabu. Dhahabu, ambayo mwanamume haruhusiwi hata pete yake! Hadithi hii tumeisomesha miaka mingi, wala hatukuwahi kumfikiria mwenye uso ule.

Asubuhi tulimtuma ahali yetu amwite mama yule pamoja na mumewe, tukawataka radhi, kisha tukafuatana nao kwa daktari. Ngozi ya paji, alisema, hufanana sana na ya pua kwa rangi na unene. Hukatwa kwa kipimo cha pua, ikageuzwa kuja chini, huku shina lake jembamba likibaki limeshikana karibu na unyusi, maana humo hupita mshipa unaoilisha damu. Gegedu la sikio au la ubavu huwa mhimili. Baada ya majuma kama 3, ngozi ikishashika mahali papya, shina hukatwa. Wahindi waliijua kazi hii zamani: mwaka 1794 jarida moja la London lilieleza habari za mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza, aliyetekwa na watu wa Tipu Sultan wakamkata pua, akaundiwa nyingine kwa paji lake.

Majuma yale ndiyo yaliyokuwa mazito. Nyama ilining'inia usoni kama mkonga mdogo, wajukuu wakamkimbia. Nzi akitua puani, yeye humhisi pajini, hilo lilimchekesha. Aliswali kwa kuashiria.

Siku daktari alipomruhusu kusujudu, alimwambia ahali yetu, aliweka paji na pua juu ya msala, akakawia kuinuka.