Fundi Hakuiba Saruji

Nyumba ya mama pale Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, ni ya tofali mbichi: udongo uliofyatuliwa na kuanikwa juani, haukupita tanurini. Tangu utoto wangu kuta zake za nje zilikandikwa kwa udongo, na kila kiangazi mama alizirudia palipomomonyoka. Mimi ndiye niliyeubandua udongo ule nikapiga lipu ya saruji. Ningependa kusema nilimhurumia mama kwa kazi, lakini sivyo. Nyumba za tofali za kuchoma zilikuwa zinaota kila upande, nami niliona aibu kumwonyesha mtu kwetu.

Fundi niliyemwita alinizidi umri. Alikwaruza ukuta kwa msumari, akaangalia vumbi lililodondoka, akasema, "Mwanangu, hili ni tofali bichi. Saruji haitakaa nalo. Turudishie udongo mzuri, turefushe upenu, chini tuzungushie mawe." Nikamjibu kwamba hela ni yangu. Mama amesimama mlangoni, anasikia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaomba walau tupigilie wavu wa kuku ili lipu ipate pa kushika. Tukafanya hivyo, tukapaka rangi, na kiangazi chote nyumba ilipendeza.

Niliyokataa kuyasikia ni haya. Udongo hunywa maji na kuyatoa. Ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Saruji ikishakomaa ni ngumu, haiwezi kuufuata udongo katika mwendo huo. Jua likaipasua lipu yangu nyufa nyembamba ambazo ungeweza kuzipita bila kuziona. Mvua za Katavi, ambazo huanza Novemba na kufika Aprili, zikapenya humo. Maji yaliyoingia hayakupata pa kutokea. Yalishuka chini, yakakutana na unyevu unaopanda kutoka ardhini, maana msingi wa nyumba ile haukuwekewa nailoni. Nje rangi bado ilikuwa inang'aa. Nilipogonga ukuta ukaitika kama kitu kitupu, nilijiambia ni ule wavu.

Machi, usiku, kipande cha ukuta wa chumba cha mama kilianguka. Mungu alimsitiri, kitanda chake kilikuwa upande wa pili. Kulipokucha nilichoma nondo kwenye kona iliyobaki imesimama. Nyuma ya gamba la saruji udongo ulimwagika kama uji, na mchwa wamo.

Hapo nikafanya kosa lililo kubwa kuliko la saruji. Majirani walikuja kutoa pole, wakauliza kulikoni. Nikasema fundi ameiba saruji, amenipigia mchanga mtupu. Nilimwita, nikayarudia maneno hayo mbele yake na mbele ya watu, nikamnyima hela yake iliyokuwa imebaki. Mama alinitazama, alikuwepo siku ile mlangoni, anajua kila kitu. Mzee hakubishana. Alichukua mwiko wake na pima maji akaenda. Tangu siku hiyo nilisikia watu wakishauriana wasimpe kazi, nami nikakaa kimya.

Baadaye nilisoma habari za kanisa la San Francisco de Asís huko Ranchos de Taos, New Mexico, Marekani, nalo la tofali mbichi. Mwaka 1967 walilipiga lipu ngumu ya saruji ili waondokane na kazi ya kulikandika mara kwa mara. Unyevu ukanaswa ndani, kuta zikaanza kuoza. Mwaka 1979 waumini waliibandua saruji yote na kurudisha udongo kwa mikono yao. Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zikifunikwa saruji hushika unyevu vivyo hivyo. Siyataji haya nipate wenzangu wa kukosea nao. Wale wa Taos walipoona kosa walilibandua. Mimi nilitafuta wa kumbebesha.

Nyumba sasa imetengenezwa kama mzee alivyoshauri: saruji imebanduliwa, kuta zikaachwa zikauke kabisa, chini kuna mawe, upenu umerefushwa, na udongo wa kukandikia tumeuchanganya na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Mwenye nyumba ya tofali bichi anayefikiria saruji aje aione, aukwaruze ukuta wetu na wake pia kwa msumari.

Mzee nimemlipa hela yake na nimemwomba radhi nyumbani kwake. Lakini nilimchafua hadharani, kwa hiyo nasema hadharani. Ninyi mliokuwepo asubuhi ile na mliolipokea neno langu mkalipeleka mbele, nawaomba mrudi kwa wale mliowaambia. Saruji niliyoinunua iliingia yote ukutani. Yule fundi hakuniibia hata kilo moja.