Nimekuja kulea mtoto, nalea 'mbwa mwitu'!

Kwanza tuelewane, msomaji wangu. Nikisema mbwa mwitu usiwafikirie wale wenye mabaka na masikio ya duara wa kule Ruaha. Wale wetu ni mnyama mwingine kabisa, na hawazai na mbwa wa mtaani. Ninayemsema hapa ni yule wa misitu ya baridi ya Ulaya, Wacheki wanamwita vlk. Huyo na mbwa ni ukoo mmoja. Wakikutana wanazaa, na watoto wao nao wanazaa. Hapo ndipo lilipoanzia balaa la nyumba hii.

Niko Jamhuri ya Czech, nje kidogo ya mji wa Brno, kwa dada yangu aliyeolewa huku. Mama alinituma kutoka Tanga nije kumsaidia dada mtoto akizaliwa. Mtoto sasa ana wiki sita, ananyonya na kulala, hana neno. Kimbembe ni Bora.

Bora ni jike la vlčák, mbegu iliyotengenezwa humuhumu. Mwaka 1955, enzi nchi ikiitwa Czechoslovakia, bwana mmoja aitwaye Karel Hartl alianza kuchanganya German shepherd na mbwa mwitu. Watoto wa kwanza wakazaliwa 1958, baba yao Cézar, mama yao mbwa mwitu aitwaye Brita. Walitaka mbwa wa kulindia mpaka, mwenye utii wa mbwa na pumzi ya mwitu. Pumzi wameipata, siyo mchezo. Utii muulize shemeji! Ukimwambia German shepherd 'kaa' mara ishirini, atakaa mara ishirini. Bora atakaa mara mbili, ya tatu anakutazama na yale macho yake ya rangi ya asali kama anayesema, 'Si nimeshakaa? Unataka nini tena?'

Habweki sana. Analia, ule mlio mrefu wa kupandisha, akibaki peke yake hata nusu saa. Jirani amekwishabandika barua mlangoni. Na kubaki peke yake ndiyo ugonjwa wake mkubwa, maana mnyama huyu anataka kundi, na kundi lake ni sisi. Siku moja tulikwenda kliniki, tukarudi kochi limebaki mbao na springi. Uzio wa mita mbili wa shemeji haumzuii mpaka uzikwe chini pia, maana anachimba. Kwa hiyo nani anatembea naye saa mbili kila alfajiri, mvua au theluji? Mimi hapa, mtoto wa Chumbageni, kwenye makoti matatu! Kwa maoni yangu, mtu anayetoka kazini jioni hana haki ya kumfuga mnyama huyu, hata awe na pesa vipi.

Yote hayo dada angevumilia. Linalomtoa machozi ni vitasa. Vya huku ni vya kubonyeza chini, na Bora amejua kuvifungua vyote kwa mguu wa mbele. Shemeji alisilimu kabla ya ndoa, lakini mbwa alikuwa naye toka zamani, wakaafikiana chumba cha kuswalia asiingie. Anaingia. Sisi tumelelewa Kishafii, alichokilamba mbwa unakiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Tuna ndoo ya udongo ndani ya nyumba, maana wakati wa baridi ule wa nje unaganda kama jiwe. Dada ana mshono wa opereshini, anainama kuosha msala.

Na sasa kuna mtoto. Bora hajamfanya kitu, analala nje ya mlango wake na kusimamisha masikio kila akilia. Lakini kila anayefuga hawa amemwambia shemeji vilevile: mtoto mchanga na mbwa wasiachwe pamoja hata dakika moja. Kwenye nyumba ambayo mbwa anafungua milango, niambie wewe tunalala saa ngapi. Tumeweka komeo juu. Tunalala kwa zamu.

Mama kapiga simu juzi.

'We mtoto, nimekutuma ukalee mjukuu wangu au mbwa?'

'Vyote, mama.'

'Na mbwa gani anaitwa Bora?'

Nikamweleza ni jina la upepo wa huku Ulaya. Akasema upepo huo urudi ulikotoka.

Shemeji, baada ya ugomvi wa siku tatu, amepata mtu wa kijijini mwenye eneo kubwa na vlčák mwingine dume. Anakuja Jumamosi kumtazama. Shemeji tangu hapo hali vizuri. Dada ndiye amejitolea kuandika orodha ya tabia za Bora, ili mgeni ajue kila kitu mapema. Nimeichungulia jana usiku, imefika kurasa mbili na nusu. Eti anafungua friji! Friji hajawahi kufungua.