Wao Wanakatwa, Sisi Tunavunja

Hapa Uingereza sheria haimsubiri mtu aamue kuweka akiba. Kwa mpango ulioanza 2012, mwajiri ana wajibu wa kumwandikisha kwenye pensheni kila mfanyakazi aliyetimiza miaka 22, ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali, na anayelipwa zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka. Asiyetaka huruhusiwa kujitoa, ila baada ya miaka mitatu hivi huandikishwa upya. Kiwango cha chini ni asilimia 8: 5 za mfanyakazi, 3 za mwajiri. Ndiyo maana wengi ninaofanya nao kazi wana hisa za makampuni ya dunia nzima, na hawajawahi kukaa hata siku moja kuzichagua.

Kwetu Tanzania makato yapo, tena mazito zaidi. Kwa sekta binafsi, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, hupokea asilimia 20 ya mshahara, mwajiri akibeba angalau nusu. Lakini ili ukatwe, sharti uwe na mshahara. Mama lishe, dereva wa bodaboda, fundi wa kuaka matofali: hao nani awakate?

Kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ndicho kinachowakata. Mama yangu mdogo anauza vitenge Temeke, na kila wiki lazima anunue hisa zake. Asiyefika hutozwa faini. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Nguvu yake ni ileile ya makato ya huku: pesa inaondoka kabla shida za nyumbani hazijaiona. Na kikoba kina utu ambao pensheni yangu haina. Mtoto akiugua, mkopo au mfuko wa jamii wa kikundi upo. Ya kwangu haiguswi kabla sijafika miaka 55, na kuanzia 2028 itakuwa 57.

Kinachoniumiza ni Desemba, kikoba kinapovunjwa. Mgao unakwenda kwenye mabati, ada za Januari, nguo za sikukuu, kisha mzunguko mpya unaanza na sanduku tupu. Simlaumu mtu kwa kulipa ada. Ila faida yetu haijawahi kupewa muda wa kuzaa faida nyingine. Mtu akibakiza shilingi 200,000 kila mwaka, zikakua kwa asilimia 10, baada ya miaka 20 anakuwa na zaidi ya milioni 11, na alichotoa mfukoni ni milioni 4 tu. Mfumuko wa bei utakula sehemu yake, ni kweli, lakini utaikuta pesa iliyokuwa inakua.

Pa kuziweka papo. Kampuni ya uwekezaji ya UTT AMIS inauza vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa 2005. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo kikoba kinaweza kusimama kama mwekezaji mwenye jina lake. Jirani zetu Rwanda walianzisha EjoHeza mwaka huohuo wa 2018: asiye na mwajiri anachangia uzee wake kwa simu, na serikali ikawaongezea wenye kipato cha chini. Sioni kwa nini sisi tushindwe.

Nimemwomba mama mdogo apeleke hoja kikaoni: kila mwanachama aache sehemu ya kumi ya mgao wake kwenye mfuko usiovunjwa. Amenijibu kwamba wenzake wanataka kwanza kujua nani atatia saini wakati wa kutoa pesa, na mwanachama akifariki fungu lake litalipwa kwa nani. Wana haki ya kuuliza, na majibu yaandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla shilingi ya kwanza haijaingia.