Mita 18 za Kivu

Basi liliondoka kituo cha Nyabugogo, Kigali, saa moja asubuhi nikiwa nimepakata miwani yangu ya kuzamia kama mtoto mchanga, maana ukiitupa kwenye buti chini ya magunia ya viazi hutaikuta na kioo. Mama aliyekaa kando yangu aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Goma kama naenda ziwani kutafuta maiti. Nikamwambia naenda kutafuta mwalimu. Alicheka hadi tunapita Shyorongi.

Nilikuwa nasema kweli. Mwaka uliotangulia nilipata cheti changu cha kwanza huko Nungwi, siku nne za darasa na bahari, nikaruhusiwa kushuka hadi mita 18. Nikazamia mara saba nyingine, Mnemba na Pemba, kisha kazi ikanirudisha Kigali, ambako maji ya karibu ni bwawa la hoteli. Kile kikadi kina ugonjwa wake. Ukikipata tu, unaanza kuona haya kuitwa mwanafunzi. Wenzangu niliojifunza nao walikwishachukua kadi ya pili, ile wanayoiita ya juu, na kila picha waliyonitumia ilinichoma. Niliposikia kwamba Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, kuna mtu ana mitungi, ana kompresa, na anafundisha kozi ya mita 30 kwa wikiendi moja, nilikata tiketi.

Hiyo kozi ya juu, kwa utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, ni mbizi 5. Mbili ni za lazima, ya kina na ya kutumia dira. Tatu unachagua mwenyewe. Mtihani wa mwisho hakuna. Kwa hiyo jina lake ni kubwa kuliko mwili wake: ni kuonja vitu vitano ukiwa na mwalimu pembeni. Na mwalimu naye? Mtu anaweza kufanya mtihani wa ualimu miezi 6 tu tangu apate cheti chake cha kwanza, mradi amefikisha mbizi 100. Simbezi mtu wa namna hiyo, wapo wazuri mno. Ila 100 zake zote anaweza kuwa amezifanya kwenye mwamba mmoja, maji ya vuguvugu, mwanga tele, na kadi yake haisemi hilo.

Saa nne na nusu barabara ikaanza kuporomoka kuelekea mjini, volkano ya Nyiragongo ikiwa imejifunika wingu upande wa kulia, na Kivu ikatandaa chini yetu. Mtu wa pwani akiona maji mengi kiasi kile, pua yake hutafuta chumvi. Hakuna chumvi. Nikachukua pikipiki hadi Rubona, tukapita kiwanda cha bia ambacho kuanzia miaka ya 1960 kiliwahi kuchemsha maji yake kwa gesi ya methani iliyotolewa ziwani humo humo.

Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu, alinipendeza tangu salamu. Vifaa vyake vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya turubai. Aliniuliza maswali mawili: saizi ya nguo, na nitalipa kwa simu au taslimu. Kisha akanyanyua mkanda wenye chubwi sita za risasi akanikabidhi.

"Mbona nyingi?" nikauliza. "Maji haya hayana chumvi."

"Utazipunguza ukiona zinakuzidi, kaka."

Nikameza hilo. Nikamuuliza la pili, lililonifanya nisafiri na daftari: hapa tulipo ni juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,460, je, tunatumia jedwali gani la kina? Alinitazama kama nimemuuliza kabila la samaki.

"Maji ni maji, kaka. Mita 30 ni mita 30."

Si kweli, na hapa naomba msomaji anivumilie. Hewa iliyo juu ya Kivu ni nyepesi, kama asilimia 84 ya ile ya Tanga. Baharini unashuka mita 10 ndipo mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu. Kivu unafika huko kabla ya mita 9. Naitrojeni iliyojificha mwilini haihesabu mita, inapima tofauti kati ya chini ulikotoka na juu unakotokea. Kwa hiyo mita 18 za Kivu, kwa hesabu ya majedwali yaliyotengenezewa bahari, ni kama mita 21, na 30 zake zinakaribia 35. Wazamiaji huanza kuhesabu mwinuko kuanzia mita 300, na ipo kozi ndogo kwa ajili hiyo tu. Kompyuta nyingi za kuvaa mkononi zinajirekebisha zenyewe au unaziwekea mwinuko. Ya kwake sikuiona mkononi.

Nilimwambia nitakwenda kula kwanza. Nadhani alijua.

Pale bandarini wavuvi walikuwa wanashona nyavu kandokando ya mitumbwi yao, ile inayofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Usiku huenda na taa kuwaita sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakageuka kitoweo cha ziwa zima. Nilikula sahani ya sambaza wa kukaanga na pilipili, nikaongea na mzee mmoja aliyevuka mpaka kutoka Goma Januari 2002, Nyiragongo ilipotema moto ukapita katikati ya mji hadi majini. Nilimuuliza kuhusu mamba.

"Mamba haiko, mwanangu. Kiboko haiko. Ile unaogopa huku ni mazuku."

Mazuku ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Mbuzi huingia, hatoki. Akanionyesha kwa kidole mbali upande wa Kongo, kuelekea ghuba ya Kabuno, akasema kule hata majini mtu haendi kwa mchezo. Mzee hakuwa na kadi yoyote. Lakini Kabuno ni kweli: wakati ziwa kubwa lina maji yenye oksijeni hadi mita 60 hivi, pale tabaka lililojaa gesi linaanzia kwenye mita 11 au karibu yake. Kijana wa turubai aliponipigia hesabu ya wikiendi hakulitaja.

Nikampigia simu dada mmoja wa Mombasa, mkufunzi wa miaka mingi niliyepewa namba yake na jamaa. Nilitaka kujua bei. Badala ya kuuziwa kozi, nikahojiwa.

"Una mbizi ngapi?"

"Kumi na moja, nne zikiwa za kozi."

"Ya mwisho lini?"

"Mwaka jana, Agosti."

"Ulipanda na hewa kiasi gani mtungini?"

Sikukumbuka. Nilichokumbuka, nikamwambia, ni kwamba Pemba mtungi ulipokaribia kwisha ukawa mwepesi, nikapaa kutoka mita 7 kama kizibo, na aliyetuongoza siku ile akanipiga bega akicheka.

Alinyamaza. Kisha: "Mdogo wangu, sikupeleki mita 30. Njoo tuzamie kwanza mbizi sita za mita 12. Siku utakapokaa tuli dakika tatu hugusi chini wala hupandi juu, tutaongea kina. Baada ya hapo ningekushauri uende kozi ya uokoaji, hiyo ndiyo itakayokufundisha kumtazama mwenzako. Mambo ya kuzamia kwenye meli zilizozama yanangoja."

"Na Kivu?"

"Kivu uzamie na mtu anayeijua Kivu. Mimi siijui. Kama chemba ya kukutibu mgandamizo ukikupiga ni ya kuifuata Mtongwe huku Mombasa, au Zanzibar, fikiria mwenyewe hiyo safari."

Mwalimu aliyekataa pesa yangu na kutamka "siijui" katika simu moja. Nilishaamua kabla hajakata.

Sikurudi kwenye turubai. Nilivaa miwani nikaogelea mbele ya Rubona kwa nusu saa, juu juu tu, maji ya kijani yakinibeba kidogo kuliko nilivyozoea baharini, mawe meusi yakipotea chini ya miguu.

Barabara ya kurudi Kigali inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari kabla ya Musanze. Kama ningezamia mchana ule ingenibidi nilale Rubavu, saa 12 kwa uchache, ndipo nithubutu kuupanda mlima ule. Sikuzamia. Nilipanda basi la saa kumi jioni.