Tulikwenda Pwani Kumtafuta Babu

Mama ana habari moja ambayo ametusimulia tangu tulipokuwa wadogo. Babu yake, mzaa baba yake, alichukuliwa na Waingereza mwaka 1917. Hakuchukuliwa kupigana. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Nyumbani aliacha mtoto mchanga, ambaye ndiye baba yake Mama. Babu huyo hakurudi, na hakuna aliyeleta habari za kifo chake.

Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo hapa kijijini kwetu, wilaya ya Korogwe. Mwaka jana, baada ya mavuno, aliniambia: "Mwanangu, nasikia huko pwani kuna mawe yaliyoandikwa majina ya watu waliokufa vitani. Sasa najua kusoma. Nipeleke nikamtafute babu."

Tuliuza magunia mawili ya mahindi tukapata nauli. Tulisafiri watu wanne: Mama, mke wangu, binti yetu wa darasa la sita, na mimi.

VITA VYA TANGA

Kwanza tulifika Tanga. Tulikwenda Ras Kasone, kando ya bahari. Leo ni mahali pa utulivu, penye nyumba, miti na upepo mzuri. Zamani haikuwa hivyo.

Wakati ule Wajerumani ndio waliotawala nchi yetu. Waingereza walitawala Kenya. Mwaka 1914 wakubwa hao walianza kupigana kwao Ulaya, kisha wakaleta vita vyao huku. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga. Zilileta askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Wajerumani walikuwa na askari wapatao 1,000 tu, wengi wao Waafrika. Lakini Waingereza walichelewa kushambulia. Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta watu wao kwa treni kutoka Moshi.

Tarehe 4 Novemba walipigana mpaka ndani ya mji. Katikati ya mapigano, nyuki walichokozwa na risasi. Walitoka kwa hasira wakawauma askari wa pande zote mbili! Kesho yake Waingereza walirudi melini wameshindwa. Waliacha bunduki na risasi nyingi. Zaidi ya watu wao 800 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au wamepotea.

Binti yangu alicheka aliposikia habari za nyuki. Mama hakucheka. Alisema: "Mhindi na Mwafrika walikufa hapa, na ugomvi haukuwa wao."

Mjini Tanga yapo makaburi ya watu waliokufa katika vita hivyo. Mama alisoma yale aliyoweza kusoma. Jina la babu hakuliona. Nilimkumbusha kwamba babu alichukuliwa miaka mitatu baada ya vita vya Tanga. Waingereza waliuteka mji huo Julai 1916, na Dar es Salaam Septemba 1916. Kisha vita viliendelea kusini hadi Msumbiji. Wajerumani walisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, katika mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia.

MIZIGO KICHWANI

Siku ya pili tulipanda basi kwenda Dar es Salaam. Njiani binti yangu aliuliza: "Kwa nini walitaka watu wa kubeba mizigo? Hawakuwa na magari?"

Nilimjibu kama mwalimu wetu wa kisomo alivyotueleza. Sehemu nyingi za kusini hazikuwa na reli wala barabara nzuri. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa kichwani. Waingereza peke yao waliandikisha wachukuzi wapatao milioni moja. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walikula vibaya, wakalala mvuani. Kuhara, malaria na homa ya mapafu viliwaua kuliko risasi. Inakadiriwa kwamba wachukuzi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa.

Tulipofika Dar es Salaam tulipita Kariakoo. Watu wengi huenda pale kununua na kuuza, lakini hawajui asili ya jina lile. Pale palikuwa na kambi ya wachukuzi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji walitamka "Kariakoo", na jina likabaki.

MAMA ASOMA JIWE

Katikati ya mji ipo sanamu ya shaba ya askari aliyeshika bunduki yenye singe. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927. Chini yake kuna maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Mama alisoma Kiswahili kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Maandishi yanawataja askari wenyeji na wachukuzi. Yanasema walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao, na kwamba watoto watayakumbuka majina yao.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha aliuliza: "Mfalme gani? Babu yangu alikuwa na shamba na mtoto mchanga. Na hayo majina yako wapi?"

Majina hayapo. Tulikwenda pia kwenye makaburi ya vita, kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo. Mawe yamepangwa safu kwa safu, na yanatunzwa vizuri. Babu hakuwepo hata huko.

Sababu inajulikana. Baada ya vita, Waingereza waliona askari wa Kizungu aandikwe jina lake, lakini Waafrika wengi, hasa wachukuzi, wasiandikwe. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo. Ilisema ubaguzi wa rangi ulikuwa sababu mojawapo. Ilisema watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Huenda hesabu inafika 350,000. Tume iliomba radhi.

Usiku ule Mama alimwomba mjukuu wake daftari na kalamu. Aliandika mwenyewe jina la babu yake, jina la baba wa babu, kijiji chake na mwaka 1917. Mkono ulitetemeka, lakini herufi zinasomeka. Kisha alisema: "Wao hawakumwandika. Mimi nimemwandika."

Ndugu msomaji, je, kwenu hakuna mtu wa namna hiyo? Wazee wanaojua majina hayo wanazidi kupungua. Nenda kawaulize leo. Kalamu unayo, na kuandika umejifunza. Andika.