Nauli na Chumba

Nilipoanza kazi ya ofisa ustawi wa jamii, kumsaidia asiye na makazi kulimaanisha kumkatia tiketi. Kila Dar es Salaam ilipoamua kusafisha barabara zake, ombaomba walikusanywa na kurudishwa kwao, na kwa wengi kwao ni Dodoma. Matonya, ombaomba aliyejulikana nchi nzima, alirudishwa huku kwetu Dodoma, akaibuka tena Dar. Watu walicheka. Sisi tuliowapokea hatukuona cha kuchekesha.

Mzee anafika kijijini na kukuta tembe lake limelala chini. Paa la tembe ni miti, fito na udongo, na hutengenezwa upya kabla ya mvua za Desemba. Likikosa mtu, maji yanapenya, mchwa wanamalizia nguzo. Basi mzee analazwa kwenye darasa la shule au ukumbi wa kanisa. Shule ikifunguliwa, huyoo, Dar. Nani amlaumu? Wagogo wa hapa Dodoma wamehama kwa njaa tangu Mtunya, ile njaa kuu ya mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kabla yake.

Kazi hasa niliijulia Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma mjini. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na baadaye Mji wa Serikali ukajengwa hapo jirani, Mtumba, mashamba ya uwele yalipimwa viwanja. Vibarua wakaja kutoka Kondoa, Mpwapwa na Singida, wengine wakilala kwenye mapagale waliyokuwa wakiyajenga. Nyumba ikishaezekwa, wanatolewa.

Chumba kilikuwepo. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, dalali alitaka ya mwezi mmoja, na mwenyekiti wa mtaa alitaka kujua umetoka wapi na nani anakufahamu. Hapo ndipo watu wangu walipokwama. Kodi tuliweza kuichangisha, mdhamini hakununulika.

Nakumbuka bibi mmoja mwenye vyumba vya uani. Nilimwamkia, "Mbukwenyi, bibi," nikamweleza habari za mzee niliyekuwa naye.

"Mwanangu, akiugua usiku nimwite nani?"

"Niite mimi, bibi."

"Na wewe ukihamishwa?"

Swali la haki kabisa. Watumishi tunahamishwa, majirani wanabaki. Nikamleta mjumbe na mzee wa kanisa, wakaandika majina yao kwenye karatasi, naye akatoa ufunguo. Wiki za kwanza mzee alilala barazani, mlango wazi, kwa mazoea ya nje. Bibi alimwacha, akawa anampelekea ugali na mlenda jioni. Hatimaye mzee akaingia ndani mwenyewe.

Wenzangu mnaopanga bajeti za halmashauri, fungu la kuwasafirisha watu makwao msilipitishe peke yake. Wekeni pamoja nalo kodi ya miezi sita, mabati ya kuezekea tembe lililoanguka, na posho ya mtu wa kuwatembelea hadi mvua ziishe.